Ukulele wa Marehemu na Safari Yetu ya Babati

Wanachama wengi waliofika afisini tangu msimu ulipoanza wametuuliza kile kitu kilichotundikwa ukutani karibu na mizani ni kitu gani. Mmoja alidhani ni gitaa la mtoto. Mwengine, mtu mzima na mpole, alisema yaonyesha ni gambusi lililokosa ngozi. Tulipomjibu kuwa jina lake ni ukulele, alicheka akasema, "Ukelele wa nini tena, Katibu, na mizani hii kila siku ni kelele tupu?" Basi tumeona ni kheri tuiandike khabari yake hapa, ili na wale wasiofika afisini waijue, na humo ndani mna kosa letu wenyewe, ambalo twapendelea mlisome kwa mkono wetu kabla hamjalisikia barazani.

Ukulele huo ulikuwa wa mwanachama mwenzetu aliyefariki misimu miwili iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kabla hajarudi kushika mikarafuu aliyoachiwa na babake alikuwa baharia wa meli za kigeni, na huko ndiko alikoupata. Waliochuma naye watakumbuka kwamba jioni, dagoni, watu wanapokaa kuchambua karafuu na makonyo, yeye akimaliza fungu lake huutoa ukulele akaupiga taratibu. Hakuimba sana. Alikuwa na wimbo mmoja usio na maneno, ambao kila mtu alikuwa akiuguna kwa puani huku mikono ikienda, na mzee mmoja wa kamati amekula yamini kuwa pishi za usiku huo zilikuwa nyingi kuliko za usiku mwengine. Sisi hatukuzipima.

Alipofariki, ukulele ulibaki kwa mjane wake, na mjane akampa binti yao, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Nyuzi zikaoza kwa chumvi na unyevu. Mwaka huu, katika mwezi wa Aprili, mama na binti walikuja afisini. Mama alisema, "Katibu, nyinyi mmesoma. Mtoto huyu hanipi usingizi, ataka kuusikia ule wimbo wa babake. Utieni nyuzi basi, na kama haiwezekani mtuambie, tuuze, maana yuko mtu wa hoteli aliyekwisha kuutaka." Tukamjibu kwa maringo kuwa hilo ni jambo dogo, na kwamba utalia kabla ya msimu.

Hapo ndipo tulipokosa, na tulikosa mara mbili. Kwanza, tulizikata zile nyuzi kuukuu tukazitupa jaani bila ya kuzitazama wala kuzipima unene. Pili, tulikwenda mjini tukanunua nyuzi za gitaa, za chuma, kwa kuwa ndizo zilizokuwako dukani, tukazifunga nne na kuanza kuzikaza. Hatukujua kuwa ukulele umejengwa kwa mbao nyembamba, na kwamba nyuzi zake ni za nailoni, ambazo mvuto wake ni mdogo sana ukilinganisha na wa chuma. Ulipofika uzi wa tatu tulisikia mlio ambao kila mchumaji anaujua, mlio wa tawi la mkarafuu linapokatika na mtu yuko juu yake. Daraja, yaani kile kibao cha tumboni ambacho nyuzi hufungiwa, liling'oka likaja na kipande cha ubao.

Mjane hakutukana. Alitazama, akasema, "Mwenyewe alikaa nao baharini miaka mingi, nyinyi hamkukaa nao nusu saa." Binti hakusema kitu. Tulimwahidi mara ya pili, na ahadi ya pili, wenzangu wanajua, ni nzito kuliko ya kwanza.

Katika mwezi wa Juni Kamati ilitutuma Babati, mkoani Manyara, kutazama jinsi wakulima wa mbaazi wa huko wanavyokusanya mazao yao na kuyauza kwa pamoja. Ripoti ya shughuli hiyo imekwisha kusomwa mkutanoni na hatutairejea. Tuliuchukua ukulele tukaufunga kwa kanga, kwa nia ya kuutengenezesha Dar es Salaam. Fundi wa huko alitaja bei ambayo kwa hiyo tungaliweza kununua mwengine, tukaufunga tena kanga yake tukaingia katika basi. Njia yapita Morogoro, Dodoma na Kondoa, lami tupu, na abiria wenzetu wote walitaka kujua kama lile fumbu ni mtoto mchanga.

Babati ni mji ulio katika njia kuu baina ya Dodoma na Arusha, na tangu mwaka 2002, ulipoundwa mkoa wa Manyara kwa kuugawa mkoa wa Arusha, ndio makao makuu ya mkoa. Uko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na sisi watu wa pwani mwezi wa Juni tulilala na makoti. Upande mmoja pana mlima Kwaraa, na upande mwengine ziwa lenye viboko, ambao hutoka usiku kula majani karibu na mashamba ya watu. Tuliambiwa tusifanye matembezi ya jioni huko, nasi hatukuhitaji kuambiwa mara mbili. Wenyeji ni Wagorwa na Wairaki, pamoja na Warangi, Wabarbaigi na watu wa kila kabila waliokuja kwa biashara. Mahindi yalikuwa yakivunwa, na katikati ya mabua mbaazi zimesimama kijani, zinaingoja zamu yao.

Fundi tuliyempata hakuwa fundi wa ala. Alikuwa seremala wa vitanda na milango, karibu na soko. Aliligeuza daraja letu, akalinusa, akasema gundi ya zamani sharti itoke yote kwanza, kwani gundi mpya haishiki juu ya gundi ya zamani. Akakwangua kwa kipande cha chupa, polepole, kwa muda wa saa nzima. Kisha akapaka gundi ya mbao, akakirudisha kipande kilichong'oka mahali pake, akaweka daraja juu, na kwa kuwa hakuwa na jiriwa ndogo ya kupita katika tundu, aliuzungushia ukulele mzima mpira wa tyubu ya baiskeli, pamoja na vibao viwili, mpaka ukawa kama mgonjwa aliyefungwa mbavu. "Usiku na mchana," alisema. "Ukiufungua kabla, usirudi kwangu."

Tulipokuwa tukilipa, aliingia mzee mmoja kununua misumari. Alikuwa mwalimu mstaafu, na kwa miaka mingi mwalimu wa kwaya. Aliutazama ukulele, akauliza una nyuzi ngapi.

"Shikamoo, Mwalimu. Una nyuzi nne," tukamjibu.

"Marahaba, mwanangu. Na mimi galatoni langu lina nyuzi nne. Njooni nyumbani kesho."

Galatoni, kwa wanachama vijana, ni gitaa kavu, lisilotumia umeme. Wazee wasema jina hilo latokana na sahani za Gallotone za Afrika Kusini, ambazo katika miaka ya 1950 zilisikika mpaka vijijini. Na humo ndimo alimojulikana Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, unaoitwa leo Likasi. Mwenda alipiga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada tu, na bado mtu huapa kuwa wamesikia magitaa mawili. Mwalimu wetu alijifunza kwa njia hiyo hiyo ujanani. Nyuzi mbili nene za galatoni lake zilikatika zamani, na hakuzinunua tena. Alituambia, "Zile mbili ni za watu wenye haraka. Nne zinatosha."

Na maneno yake yalikuwa kweli kuliko tulivyodhani. Kwani ukulele wa marehemu si ule mdogo ambao watalii hubeba mkononi, bali ni ule mkubwa kuliko wenzake, uitwao baritoni, wenye uzi wa urefu wa inchi 19 au 20 kutoka darajani hata kichwani mwa shingo. Na nyuzi zake nne hutegwa sawasawa na nyuzi nne nyembamba za gitaa. Anayejua kupiga gitaa lililokatika nyuzi mbili nene anajua kupiga baritoni bila ya kujifunza jambo jipya.

Mwalimu alitufundisha kuutega kwa sauti za kwaya. Uzi wa nne, ulio karibu na uso wa mpigaji, ni *so*. Wa tatu ni *do*. Wa pili ni *mi*. Wa kwanza, mwembamba, ni *la*. *So, do, mi, la*: tuliziimba sebuleni kwake mpaka wajukuu wakaacha kazi zao wakaja kutuchungulia. Wanaosoma muziki kwa herufi huziita D, G, B na E, na wenye vipimo husema uzi wa D hutikisika mara 147 kwa sekunde, wa G mara 196, wa B mara 247, na wa E mara 330. Siku hizi iko programu ya simu inayosikiliza uzi na kuonyesha kama umepanda au umeshuka, nasi tulimwonyesha Mwalimu yetu. Aliitazama kwa adabu, akasema ni nzuri kwa kupata uzi wa kwanza, na baada ya hapo simu iwekwe mfukoni, kwani anayetega kwa macho siku ya giza atafanya nini?

Njia yake ni hii. Ukiisha kupata uzi wa nne, bonyeza kidole nyuma ya freti ya tano ya uzi huo huo (freti ni vile vipande vyembamba vya chuma vilivyolala shingoni). Sauti itokayo hapo ndiyo inayotakiwa katika uzi wa tatu ulio wazi. Kaza au legeza uzi wa tatu mpaka sauti mbili ziwe moja. Kutoka wa tatu kwenda wa pili, freti ni ya nne, si ya tano. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na sisi tulikosea mara tatu. Kutoka wa pili kwenda wa kwanza, rudi kwenye freti ya tano. Sauti mbili zilizokaribiana bila ya kulingana hutetema, wau-wau-wau. Kadiri zinavyosogeleana mtetemo hupungua kasi, na zikilingana huisha kabisa, pakawa kimya ndani ya sauti. Mwalimu alitaka tuusikie ukimya huo tukiwa tumefumba macho. Tulikumbuka chuoni, ambako tulihifadhi sura kwa sikio kabla hatujaijua herufi moja.

Tena alisema: ufike katika sauti kwa kupanda, usifike kwa kushuka. Ukipita, legeza mpaka chini ya sauti, kisha kaza tena. Uzi ulioshushwa huendelea kushuka wenyewe. Na nyuzi mpya za nailoni hunyooka kwa siku nyingi, hivyo mtu asikate tamaa akizikuta asubuhi zimelegea.

Ukulele ulipofunguliwa mipira yake daraja lilikuwa imara, ijapokuwa kovu laonekana. Nyuzi za baritoni hazikupatikana Babati. Mwalimu alitoa katika sanduku lake nyuzi nne za gitaa la nailoni, zile nyembamba nne, tatu kati yake zikiwa tupu na mmoja umezungushiwa waya mwembamba, na hizo zatosha vizuri kabisa. Chuma ndicho kilichokatazwa. Alitupa na kodi tatu. (Kodi katika ala ni sauti kadhaa zilizobonyezwa na kupigwa pamoja, wala hailipwi serikalini.) Ya G ni kidole cha pete peke yake, uzi wa kwanza, freti ya tatu. Ya C ni kidole cha kati uzi wa nne freti ya pili, na cha shahada uzi wa pili freti ya kwanza. Ya D saba ni uzi wa tatu freti ya pili, uzi wa pili freti ya kwanza, uzi wa kwanza freti ya pili, na uzi wa nne waachwa wazi. Kwa hizo tatu, alisema, mtu ataishi mwaka mzima bila ya njaa. Tulikaa naye jioni tatu. Vidole viliuma hata tukashindwa kuandika ripoti.

Tumepata kusoma asili ya ala hii, na twaona yawahusu wanachama. Mwaka 1879 meli iitwayo Ravenscrag iliwachukua Wareno kutoka kisiwa cha Madeira mpaka Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, kwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala waliokijua kigitaa chao cha kwao, kiitwacho machete. Wakaunda vyao kwa mbao za huko, na wenyeji wakaviita ukulele, jina ambalo hufasiriwa kuwa kiroboto arukaye, kwa jinsi vidole vinavyoruka. Kwa hiyo ala hii ni mtoto wa kisiwa na wa shamba, kama sisi. Baritoni yenyewe ilizaliwa baadaye sana, Marekani, katika miaka ya 1940, na watu wawili watatu wagombania sifa ya kuizua. Wareno walikaa na kwetu pia mpaka walipotolewa Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Walituachia meza, leso na gereza, lakini hawakutuachia machete. Sisi tulikuwa na gambusi letu kutoka Yemeni, lililochongwa kwa gogo moja na kuwambwa ngozi. Hilo halina freti, na kidole sharti kijitafutie mahali pake.

Wakati wa kurudi tulizilegeza nyuzi kidogo, kwa shauri la Mwalimu. Babati hewa ni kavu na baridi, kwetu ni maji matupu. Mbao hunywa unyevu kama karafuu isiyokauka vyema, na uliofika afisini haukuwa ukulele ule ule uliotoka Babati. Nyuzi zote zilikuwa zimehama. Tulizitega upya, *so, do, mi, la*, tukamwita mjane na binti yake siku ya Alkhamisi baada ya skuli.

Tulimpigia kodi zetu tatu. Mama alifurahi akatushukuru. Binti alisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Sio, mwalimu. Uzi wa juu wa baba haukuwa mnene."

Tukamwambia kuwa ndivyo utegwavyo, kwa gitaa na kwa baritoni. Akasema tena sio. Tulizikumbuka zile nyuzi tulizozitupa jaani, tukaona haya, tukampigia simu Mwalimu wa Babati. Alinyamaza kidogo, kisha akatuuliza kama ule wimbo ulikuwa mwepesi, wa kurukaruka. Binti akamjibu mwenyewe kwa simu, akamgunia. Mwalimu akasema, "Basi babako alitoka katika ukulele mdogo, mwanangu." Kwani katika zile ndogo uzi wa nne si mnene, ni mwembamba, na sauti yake iko juu ya wa tatu na wa pili, ukipungua wa kwanza tu. Wako watu wanaoifanyia baritoni vivyo hivyo: huutoa uzi mnene wa D, wakaweka mwembamba, na kuutega katika D ya juu, mara 294 kwa sekunde. Jina la sauti ni lile lile *so*, bali lapanda ngazi moja nzima, na vidole vya kodi havibadiliki.

Uzi mwembamba hatukuwa nao. Tulijaribu mshipi wa kuvulia, tukiuchagua kwa kulinganisha unene wake na uzi wa kwanza, na ukazidi kidogo tu. Tunajua wapo watakaocheka, lakini mshipi nao ni nailoni. Tuliukaza kwa woga mkubwa, kidole kimoja juu ya daraja. Halikung'oka.

Binti aliuchukua. Hakujua kodi hata moja kwa jina, wala hakuzihitaji. Alikuwa ameuona mkono wa babake jioni nyingi. Alikosea, akarudi, akakosea tena pale pale, na katika mara ya nne au ya tano ule wimbo wa dagoni ukatoka, umechechemea lakini ndio wenyewe. Mpimaji wetu aliyekuwa mizanini aliacha gunia likining'inia. Mama alijifunika uso kwa kanga ile ile tuliyokwenda nayo Babati.

Hauuzwi tena. Kwa ombi la mjane unakaa afisini, kwa kuwa nyumba yao yavuja, na binti huja kila Alkhamisi saa kumi. Kamati haijakata shauri kama Chama kitanunua nyuzi za akiba. Jambo hilo limo katika ajenda ya mkutano ujao, nambari ya saba, baada ya magunia. Mwanachama atakaye kuushika na aushike, illa kwanza aoshe mikono kwa sabuni, maana mafuta ya karafuu yala rangi ya mbao. Na tafadhali, ule uzi wa juu usiguswe kigingi chake na mtu yeyote ila mwenyewe.